Kuhama kutoka mita ya bei mbili kwenda bei moja: je, inafaa, na inafanywaje?

Mkazi anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliowahi kulishughulikia jambo hili kwa karibu. Nyumba tunayokaa ina mita ya umeme ya bei mbili, yaani mita inayohesabu uniti za mchana katika rejista moja na uniti za usiku katika rejista nyingine, na kila rejista hulipiwa bei yake. Kwa mujibu wa mkataba, saa za usiku zinaanza saa sita kamili na kwisha saa moja asubuhi. Waliotutangulia walikuwa na tangi kubwa la kuchemshia maji kwa umeme, lililopata moto saa hizo tu, na bila shaka mpango huo uliwafaa sana. Sisi maji tunayachemsha kwa nguvu za jua, tangi lile halipo tena, na mama mzazi anashinda nyumbani, kwa hiyo jiko, pasi, feni na mashine ya kufulia hufanya kazi mchana.

Kwa mwaka mzima uliopita, rejista ya mchana imeongezeka kwa uniti 2,880 na ile ya usiku kwa uniti 720. Sasa kampuni inayotuuzia umeme imetupa nafasi ya kuhamia bei moja kwa saa zote. Ili kurahisisha ulinganisho, tuseme bei hiyo moja ni 100; kwa kipimo hichohicho, bei yetu ya sasa ya mchana ni 118 na ya usiku ni 58. Ada ya kudumu ya kila mwezi haitabadilika.

Ningependa kujua kama hesabu inaunga mkono kuhama, kama ni lazima mita ing'olewe, na hasa nini kitatokea kwa waya wa lile tangi, kwa sababu una swichi yake ya pekee pembeni ya bodi kuu na sijui unapata umeme kutoka wapi. Natanguliza shukrani.

Mpiga Hesabu anajibu:

Ndugu Mkazi, umefanya jambo la maana kuleta namba za mwaka mzima badala ya bili ya mwezi mmoja, kwa sababu matumizi ya usiku hupanda na kushuka kwa majira, na mwezi wa joto kali au wa baridi kali unaweza kumpa mtu picha isiyo yake.

Swali la kujiuliza ni hili: katika kila uniti mia unazotumia, ni ngapi zinaangukia usiku? Kwako ni 720 kati ya 3,600, yaani asilimia 20. Kisha tafuta kile kiwango ambacho mipango yote miwili ingekutoza sawasawa. Chukua bei ya mchana, toa ile bei moja, halafu gawanya kwa tofauti iliyopo kati ya bei ya mchana na bei ya usiku. Kwa bei zako ni 118 kutoa 100, unapata 18. Na 118 kutoa 58, unapata 60. 18 kugawanya kwa 60 ni asilimia 30. Nyumba inayotumia zaidi ya asilimia 30 ya umeme wake usiku inanufaika kubaki kwenye bei mbili, na inayotumia chini ya hapo inalipa zaidi kuliko inavyostahili. Wewe uko chini kwa asilimia kumi, na kwa wastani kila uniti inakugharimu 106 badala ya 100. Kwa mwaka mzima ni sawa na kulipia uniti 216 ambazo hukuzitumia.

Napenda kuongeza jambo moja ambalo watu wengi hawalitazami. Saa saba za usiku ni asilimia 29 ya siku nzima. Nyumba ambayo ingetumia umeme kwa kiwango kilekile saa zote ishirini na nne, bila kupanga chochote, ingefikisha asilimia 29 tu, na kwa bei zako hata nyumba hiyo ingekosa kidogo kufikia kiwango cha kunufaika. Kwa kuwa watu waliolala hawapiki wala hawapigi pasi, nyumba ya kawaida huwa chini zaidi ya hapo. Uniti zako 720 za usiku ni wastani wa wati 280 hivi zinazoendelea muda wote wa saa hizo saba, na hizo ni jokofu, feni na taa za nje. Ndiyo maana nasema bei mbili ni mpango wa mtu mwenye mzigo mmoja mkubwa anaoweza kuupeleka usiku kwa makusudi: tangi la maji, hita zinazohifadhi joto, pampu ya kujaza tangi la juu, au gari la umeme. Asiye na mzigo wa namna hiyo anaisaidia kampuni, si mfuko wake.

Kwa upande wa hesabu, jibu langu ni kwamba uhame. Maswali ya mita na waya nawaachia mafundi.

Fundi Umeme anajibu:

Nakubaliana na hesabu ya ndugu aliyetangulia, lakini hesabu nzuri inayotokana na namba mbovu humpotosha mtu, kwa hiyo kabla ya kutia saini popote ningependa uhakikishe mita yako inasema kweli. Rejista hizi mbili haziamui zenyewe kwamba sasa ni usiku. Kuna kitu kinachoziamuru. Katika mita nyingine ni saa iliyomo ndani yake, katika nyingine ni saa ya pembeni iliyofungwa ubaoni, na kwingine amri huja kupitia nyaya zenyewe za umeme au kwa redio. Uingereza, kwa mfano, nyumba nyingi zilibadilishiwa bei kwa ishara iliyobebwa na mawimbi marefu ya redio ya BBC katika kilohezi 198, na huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu tarehe 30 Juni 2025, jambo lililolazimisha mita hizo zibadilishwe. Saa za pembeni za zamani zina udhaifu mwingine: zile zisizo na akiba ya nguvu husimama umeme unapokatika, na unaporudi huendelea pale zilipoachia. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, saa hiyo inachelewa kwa muda huohuo mpaka mtu aje airekebishe. Usiku wako unaweza kuwa umeanza saa tisa badala ya saa sita bila wewe kujua, na uniti za usiku wa manane zikawa zinaandikwa upande wa bei kubwa.

Namna ya kupima ni rahisi. Tazama mita yako muda mfupi baada ya saa moja asubuhi, andika namba zote mbili, washa kitu kizito kama birika la umeme au pasi, kisha tazama tena. Ikiwa rejista ya usiku ndiyo iliyosogea, saa imechelewa. Kama mita ni ya kidijitali, kioo hupitisha namba kwa zamu, na mara nyingi kila namba ina alama pembeni: 1.8.0 ni jumla ya uniti zote ulizopokea, 1.8.1 ni rejista ya kwanza na 1.8.2 ni ya pili. Usichukulie kwamba ya kwanza ni ya mchana, kwa sababu hilo linategemea jinsi mita ilivyopangwa. Nimekuta nyumba ambazo rejista hizo zimeandikishwa kinyume kwenye mfumo wa bili, uniti za mchana zikalipiwa bei ya usiku na za usiku bei ya mchana, na mwenye nyumba akailaumu mita isiyokuwa na kosa lolote.

Sasa nije kwenye swali la kung'oa mita. Si lazima. Kuna njia tatu za kuhamia bei moja, na unapaswa kuuliza ni ipi itakayotumika kwako. Ya kwanza, mita inabaki ilivyo, namba zote mbili zinaendelea kusomwa, na kampuni inazijumlisha na kuzitoza bei moja. Ya pili, ikiwa mita ni ya kisasa inayowasiliana na kampuni, wanaipanga upya kwa mbali bila mtu kufika nyumbani. Ya tatu, mita inatolewa na kuwekwa nyingine yenye rejista moja. Njia ya kwanza haigusi waya wowote, na kwa nyumba kama yako ndiyo ningeanza nayo. Hatari yake ni moja: mfumo wa bili ukirekebishwa vibaya, unaweza kusoma rejista moja tu, ile nyingine ikaendelea kukusanya uniti kimyakimya, na baadaye ikaja bili ya malimbikizo. Kwa hiyo bili ya kwanza ikifika, jumlisha mwenyewe ongezeko la rejista zote mbili na ulinganishe na uniti zilizoandikwa.

Waya wa tangi ndio unaonitia wasiwasi. Swichi ya pekee nje ya bodi kuu, katika nyumba yenye mita ya bei mbili, mara nyingi ina maana kwamba saketi hiyo inapata umeme saa za usiku tu. Baadhi ya mita za aina hiyo huwa na njia mbili za kutolea umeme, moja iliyo hai saa zote na nyingine inayofunguliwa usiku peke yake. Mita ikibadilishwa, fundi wa kampuni atalazimika kuamua la kufanya na ile njia ya pili: ataiacha ikiwa imekufa, au ataiunganisha na ile ya kudumu. Akiiunganisha, waya ambao mchana ulikuwa hauna umeme utakuwa hai saa zote. Kwa mwenye tangi, hilo linamaanisha maji yatachemshwa mchana kutwa bila yeye kutaka, mpaka aweke saa yake mwenyewe. Kwako wewe uliyeondoa tangi, swali ni ncha ya waya ule imeishia wapi. Kama imefungwa kwa utepe na kusukumwa nyuma ya kabati, ni hatari kwa yeyote atakayeigusa, na ni hatari hata leo usiku. Mwite fundi mwenye leseni azime swichi hiyo, apime waya wakati wa saa za usiku na wakati wa mchana, kisha aufunge vizuri ndani ya kisanduku au auondoe kabisa kwenye swichi. Aangalie pia kama hakuna soketi au pampu iliyounganishwa humo. Lakini asivunje lakiri ya mita. Kazi ya upande ule ni ya kampuni.

Msomaji wa Bili anajibu:

Naheshimu majibu yaliyotangulia, lakini naona haraka kidogo katika lile la kwanza. Pengo la Ndugu Mkazi ni asilimia kumi ya uniti 3,600, yaani uniti 360 kwa mwaka, na ukizigawa ni kama uniti moja tu kwa siku. Akihamisha uniti moja kwa siku kutoka mchana kwenda usiku, mipango yote miwili inalingana. Akihamisha mbili, anafikia asilimia 40, na wastani wa bei yake unashuka hadi 94. Hiyo si kazi kubwa kwa familia iliyo tayari kubadilisha mazoea.

Hata hivyo, sitamshauri ahamishe kila kitu. Mashine ya kufulia inayochemsha maji yenyewe hadi nyuzi 60 hutumia takribani uniti moja kwa mzunguko mmoja, na wengi hufikiria kuipeleka usiku kwanza. Vikosi vya zimamoto katika nchi mbalimbali huwashauri watu wasiache mashine za kufulia na za kukaushia nguo zikifanya kazi wakiwa wamelala, na mimi naliona shauri hilo ni la kufuatwa, hasa nyumbani kwenye mtu mzima kama mama. Zaidi ya hayo, mashine hiyohiyo ikifua kwa maji baridi hutumia sehemu ndogo tu ya umeme ule, kwa bei yoyote ile na saa yoyote ile. Kinachohama usiku kwa usalama ni vitu vya kuchaji kwa taratibu na pampu yenye saa ya kuizima, na kama havifiki uniti moja kwa siku, basi hesabu ya ndugu wa kwanza inasimama.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo halijaguswa. Bei nafuu ya usiku ilianzishwa kwa sababu mitambo mikubwa ya makaa ya mawe na ya nyuklia haipendi kuzimwa na kuwashwa, kwa hiyo usiku, watu wakiwa wamelala, umeme ulibaki bila mnunuzi. Mpango mashuhuri wa Uingereza uitwao Economy 7, wenye saa saba za nafuu kama za kwako, ulianza mwaka 1978 kwa mantiki hiyo. Leo, mahali ambapo paneli za jua zimekuwa nyingi, umeme unaobaki bila mnunuzi ni wa mchana. Ufaransa, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na saa nane za nafuu kila siku, ilianza Novemba 2025 kuhamishia sehemu ya saa hizo mchana. Katika jimbo la South Australia, ambako mapaa mengi yana paneli, kuna viwango vya nafuu vya saa za katikati ya mchana.

Tazama sasa maisha ya nyumba hii: mama anashinda nyumbani, anapika, anapiga pasi na kuwasha feni saa hizohizo. Ikiwa kampuni yake ina mpango wenye saa nafuu za mchana, au inakusudia kuuleta, hiyo ndiyo bei inayomfaa kuliko bei moja. Kwa sababu hiyo naunga mkono kwa nguvu njia ya kwanza aliyoitaja Ndugu Fundi, ya kubakiza mita yenye rejista mbili na kujumlisha namba zake. Akikubali mita yake ing'olewe na kuwekwa ya rejista moja isiyoweza kupangwa upya, kesho akitaka mpango wa saa tofauti huenda akalazimika kuomba na kulipia mita nyingine.

Mkazi anaandika:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimetazama mita baada ya saa moja asubuhi kama alivyoelekeza Ndugu Fundi, nikawasha birika, na iliyosogea ni 1.8.1, ambayo kwenye bili imeandikwa kuwa ya mchana. Kwa hiyo saa haijachelewa na rejista hazijapishana. Swichi ya tangi nimeizima na fundi mwenye leseni ataukagua waya wake kabla hatujabadilisha chochote.

Nimeiuliza pia kampuni kuhusu saa nafuu za mchana. Wamejibu kwamba kwa sasa hawana mpango huo kwa wateja wa nyumbani, lakini mita yetu inaweza kubaki na kutozwa bei moja kwa kujumlisha rejista zote mbili. Gari la umeme hatuna na hatulitarajii, na vitu tunavyoweza kuvihamishia usiku kwa usalama havifikishi uniti moja kwa siku. Nimeamua kuhamia bei moja na kubaki na mita hii. Limebaki swali dogo: siku ya kubadilisha niandike namba gani, na saa ngapi, ili pasiwe na ubishi baadaye?

Fundi Umeme anajibu:

Piga picha namba zote tatu, 1.8.0, 1.8.1 na 1.8.2, siku ileile mpango mpya unapoanza, na hakikisha namba ya mita yenyewe inaonekana katika kila picha. Saa si muhimu sana ikiwa bei mpya inaanza saa sita usiku, ila piga mapema asubuhi iwezekanavyo, kabla matumizi ya siku hayajaongezeka. Zitume kwa kampuni kwa maandishi siku hiyohiyo, na uombe wakujibu wakithibitisha mambo mawili: kwamba wamezipokea kama namba za kufungia hesabu ya bei mbili, na kwamba kuanzia hapo rejista zote mbili zitatozwa bei moja. Kwa kawaida 1.8.1 na 1.8.2 zikijumlishwa hulingana na 1.8.0, au hupishana kwa uniti moja tu kwa sababu ya desimali zisizoonyeshwa. Zikipishana kwa zaidi ya hapo, waulize kabla ya kufunga hesabu, kwa maana huenda mita ina rejista ya tatu ambayo haionekani kwenye bili.

Ukiipokea bili ya kwanza ya mpango mpya, chukua 1.8.0 ya siku ambayo mita ilisomwa kwa ajili ya bili hiyo, toa ile ya kwenye picha, na jibu liwe sawa na uniti walizokutoza.